Fimbo za Pool za Oruba

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimenunua daftari hili leo kwa shilingi sitini, na nimeliandika kama gharama ya kwanza. Bonface, mume wangu, ameuliza kama kuna biashara duniani iliyowahi kuanza kwa kalamu. Nimemwambia asubiri aone.

Kwa miaka minane nimekuwa nikipiga msasa na vanishi katika karakana ya fanicha hapa Oruba, mtaa wa Migori. Tangu Januari tajiri wetu ananiita siku tatu tu kwa wiki. Sasa wiki mbili zilizopita alikuja mama mmoja kutoka Homa Bay, anaitwa Phelesia, mwenye ukumbi wa pool wa meza nne karibu na gati. Alibeba fimbo tano za kuchezea, nyingine zimepasuka, nyingine zimeng'oka ile ncha ya ngozi inayogonga mpira. Fundi wetu mkuu akamwambia hapa ni vitanda na makabati tu. Nikamfuata hadi nje, nikamwambia aniachie mimi.

Nilizitengenezea nyumbani, mezani pa jikoni. Aliporudi alizikagua moja moja, akafumba jicho moja na kuchungulia urefu wake kama mtu anayelenga bunduki.

"Nyar Kisii," akasema, yaani binti wa Kisii, "zile nzuri nanunua Kisumu elfu mbili mia tano moja, na zinatoka nje ya nchi. Wewe unaweza tengeneza nzima?"

Nikasema naweza. Sijui nani alinisemesha. Akasema nikimpa kwa elfu moja mia saba atachukua kumi na mbili.

Siku hizi kumi sijalala sawasawa, na si kwa wasiwasi. Ni furaha. Nikiona mpini wa jembe barabarani naupima kwa macho.

Jumatano, 5 Machi

Tumekaa na Bonface tukazungumza pesa. Tuna elfu hamsini na mbili za kununulia kiwanja, tumeziweka kidogo kidogo miaka mitatu, yeye akiendesha lori la miwa kule Awendo na mimi nikila vumbi la msasa.

"Ukichukua zote nitalala kwa mama," akasema.

"Sichukui zote. Nipe elfu ishirini na tano."

Alikung'uta vumbi la buti zote mbili. Kisha akasema, "Ishirini na tano. Isizidi hata bob." Halafu akaanza kucheka peke yake: "Vijiti! Mke wangu anatengeneza vijiti vya walevi."

Amekubali, lakini kile kicheko kimenichoma.

Jumamosi, 8 Machi

Sabato. Nimeimba sauti ya pili kanisani kama kawaida, lakini mawazo yalikuwa kwenye mota ya kuzungushia mti, nitaipata wapi.

Jumanne, 11 Machi

Mota nimeipata! Ilikuwa ya posho mill moja, kinu cha unga kilichofungwa, elfu saba. Ni nzito mpaka tumeibeba kwa mkokoteni. Kesho ninaipeleka kwa Obare, fundi wa kuchomelea vyuma, anitengenezee mashine ya kukereza. Anataka elfu tisa na mia tano, vyuma vyake, kazi yake. Fimbo ya pool ina urefu wa futi nne na inchi tisa, kwa hiyo mashine haiwezi kuwa chini ya futi sita. Nimepima sebule kwa kamba. Kiti kikubwa kikihamia chumbani, na meza ikisimamishwa ukutani, mashine inaingia, mradi mlango ubaki wazi ninapofanya kazi.

Binti yetu Ivone, aliye darasa la nne, ameuliza wageni watakaa wapi. Nimemwambia wageni watasimama.

Ijumaa, 14 Machi

Obare amesema kesho.

Jumatatu, 17 Machi

Obare amesema kesho. Ana mdomo mtamu: "Dada Dorah, hii mashine ni bibi harusi, usinikimbize."

Jumanne, 18 Machi

Kesho. Na simu hashiki tena. Obare ni mwongo, naandika hapa nisije nikasahau nikamrudia tena.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua ya kwanza imepiga leo saa saba, ile ya matone makubwa inayonusisha vumbi. Na katikati ya mvua hiyo Obare ametokea na mkokoteni, amelowa chapa, mashine imefunikwa kwa turubai vizuri kuliko yeye mwenyewe. Imeingia sebuleni na nafasi ya vidole viwili imebaki. Tulipowasha stima ule mti wa kujaribia ulizunguka kama kitu kinachoimba. Nilipiga kelele. Jirani alikuja kuuliza kama kuna msiba.

Katikati ya mashine Obare ameweka kishikizo chenye vigurudumu vitatu, ili mti mrefu usichezecheze tumboni unapozunguka. Sikumwomba hicho. Bado ni mwongo, lakini ni mwongo mwenye akili.

Alhamisi, 27 Machi

Wiki ya kujifunza. Fimbo ya kwanza ilikatika. Ya pili ikawa nyembamba kama kijiti cha kuchokolea meno. Ya tatu imetoka.

Nimetumia siala, ule mti wa manjano ambao watu wa hapa wanajengea nyumba. Watu wa yadi ya mbao waliniuzia vipande kumi na sita kwa elfu tatu mia mbili, na kwa kila fimbo nimeunga kipande cha ober chini, mti mwekundu mzito, ili kitako kiwe na uzito. Ncha za ngozi, pete, gundi, msasa na vanishi ni elfu nne mia sita na hamsini. Tokeni za stima elfu moja mia tano. Nimejumlisha mara tatu na bado inatoka elfu ishirini na tano mia nane na hamsini. Nimepita tulizokubaliana kwa mia nane na hamsini, na Bonface sijamwambia.

Lakini hiyo fimbo ya tatu! Ninapoipitisha mkononi haina mahali pa kukwama.

Jumatano, 2 Aprili

Sita zimekamilika. Mvua kila alasiri. Inaingia mlangoni, nafanya kazi magunia yakiwa miguuni.

Phelesia ametuma elfu nane za kutangulia. Mwaka huu sherehe ya kitaifa ya Madaraka, ya tarehe moja Juni, inafanyika Homa Bay, mji mzima unapigwa rangi, naye anapanga mashindano ya pool wiki hiyo. Anataka fimbo mapema wachezaji wake wazizoee.

Jumamosi, 12 Aprili

Baada ya ibada Dada Eucabeth, kiongozi wetu wa kina mama, amenivuta kando ya ukuta.

"Dada Dorah, nimesikia kwako kunatengenezwa fimbo za kamari."

"Ni za mchezo, dada."

"Mchezo unachezewa wapi? Kanisani?"

Amesema si yeye, ni wazee wanaouliza, na kwamba ingekuwa vizuri nipumzike kuimba mbele kwa muda, mpaka wakae wazungumze. Alinishika mkono akisema hivyo, mkono laini kabisa. Nilikaa benchi la nyuma kipindi cha alasiri. Wimbo wangu uliimbwa na mtu mwingine, akakosea pale pa kupanda.

Nimelia njiani, kidogo. Kisha nikafika nyumbani nikaziona kumi na mbili zimesimama ukutani, vanishi inang'aa, nikajikuta natabasamu na machozi hayajakauka.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimezipeleka Homa Bay mwenyewe, nimezifunga kwa shuka. Phelesia alizipanga kwenye meza, akapiga makofi. Kila mchezaji akataka kushika. Kijana mmoja akauliza, "Hizi zimetoka China?" Phelesia akasema, "Zimetoka kwa huyu mama." Nilitamani Bonface angekuwepo asikie.

Atalipa zilizobaki mwisho wa mwezi. Nimerudi nimewanunulia watu wa nyumbani samaki.

Jumanne, 15 Aprili

Usingizi wa mfalme.

Jumatano, 23 Aprili

Phelesia alipiga simu saa mbili asubuhi. Hakusalimu. "Kuja uone kazi yako."

Nilidhani labda ncha moja imeng'oka. Nikachukua gundi na msasa, nikapanda gari. Mvua ilitufuata kutoka Rongo hadi ziwani.

Ukumbi ulikuwa na watu kama kumi na watano. Alikuwa amezipanga zote kumi na mbili juu ya meza ya katikati. Hakunipa kiti. Alichukua moja, akailaza juu ya kitambaa cha kijani, akaisukuma kwa kiganja. Fimbo iliyonyooka hubingirika kimya. Hii ilikwenda ikiruka, ncha inapanda inashuka, inapanda inashuka, kama kuku anayedonoa. Akachukua ya pili. Ikafanya hivyo hivyo. Akachukua ya tatu.

"Nimeona," nikasema.

"Bado. Angalia zote."

Akazibingirisha zote kumi na mbili. Watu walikuwa wamenyamaza kwanza, lakini ilipofika ya saba mmoja akacheka, na wote wakacheka. Nilisimama pale na mfuko wangu wa msasa.

"Siku tisa," Phelesia akasema. "Siku tisa tu, nyar Kisii. Umenipa mti mbichi."

"Yadi waliniambia ni mkavu."

"Na wewe ukaamini? Wewe si fundi?"

Nikamwambia nitamrudishia elfu nane zake. Nilisema hivyo nikijua nimeshazigusa. Bonface hajapakia miwa tangu mwanzo wa mwezi kwa sababu malori yanazama mashambani, na tumekuwa tukila hizo.

Phelesia akazikusanya fimbo zote pamoja. Ni mwanamke mkubwa, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya maji. "Mimi sitaki pesa," akasema. "Mashindano ni tarehe ishirini na tisa mwezi wa tano. Niletee fimbo. Ukishindwa, ndiyo niletee pesa. Hizi ubebe."

Nikazibeba. Garini mzee mmoja aliniuliza kama ni fimbo za wachungaji. Nikasema ndiyo.

Yule mama nilimdhania rafiki. Sijawahi kuaibishwa hivyo mbele za watu tangu shule.

Alhamisi, 24 Aprili

Sikutoka kitandani hadi saa nne. Bonface alichemsha chai, akaileta, akakaa ukingoni. Nikamwambia kila kitu, hata zile mia nane na hamsini.

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alikwenda sebuleni akaanza kuzibingirisha sakafuni, moja baada ya nyingine, akizitazama kwa makini. Nikamsikia akisema peke yake, "Lakini zimekerezwa vizuri. Mkono hauna makosa. Ni maji tu."

Jumapili, 27 Aprili

Tumezunguka yadi nne. Kila yadi wanaapa mbao zao ni kavu, na kila ubao ukiuweka shavuni una ubaridi wa maji. Msimu huu hakuna kitu kikavu Migori. Hata chumvi yetu imeganda. Fundi mkuu wa karakana amesema mti kama huo uwekwe kivulini mwaka mmoja. Mimi nina siku thelathini na mbili.

Jumanne, 29 Aprili

Bonface ameniamsha akinitikisa bega. "Tumbaku," akasema.

"Nini?"

"Tumbaku, mama Ivone! Zamani nilikuwa nabeba tumbaku kule Kuria. Wanaikausha kwenye banda, kuna tanuri chini na mabomba ya moto yanapita ndani. Jani linaingia bichi linatoka linalia kama karatasi. Na saa hii mabanda yote ni tupu, tumbaku bado iko shambani!"

Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Huyu mtu nimeishi naye miaka kumi na moja nikidhani akili yake yote iko kwenye usukani.

Tumekwenda leo leo, karibu na Isebania, kwa mzee anayeitwa Maranga. Aliacha tumbaku miaka minne iliyopita na banda lake limejaa mbuzi. Alitusikiliza, akatuuliza mara mbili fimbo hizo ni za kumpiga nani. Tulipomweleza mchezo, akatikisa kichwa. "Watu wazima wanasukuma mipira mezani na miti?"

"Ndiyo, baba."

"Na wanalipa?"

"Wanalipa."

"Toeni mbuzi," akasema.

Anataka elfu mbili kwa banda, kuni juu yetu, elfu moja mia nane. Vipande ishirini na vinne vya siala na ober, elfu nne mia moja. Pesa za kiwanja zinayeyuka kama sabuni, na mimi nina furaha kama mtoto.

Jumamosi, 3 Mei

Kanisani, benchi la nyuma. Hakuna aliyesema kitu. Bonface hakuja, yuko Kuria anachunga moto. Amekwenda na blanketi na mfuko wa unga.

Jumanne, 6 Mei

Nimefika bandani saa tano. Nilisikia kabla ya kuingia: *ta!* Kimya. *Ta!* Mbao zilikuwa zinapasuka.

Bonface alikuwa amekwenda kuteka maji, na Mzee Maranga akaona moto wetu ni wa kitoto. Ameujaza magogo hadi mlango wa tanuri ukawa mwekundu. "Miaka ishirini na mbili nimekausha jani," akaniambia kwa fahari. "Mti utanishinda?"

Nilivuta makaa nje kwa koleo mwenyewe, nikikohoa. Vipande sita vimepasuka kutoka mwisho hadi mwisho. Nilitaka kumpigia kelele mzee wa watu. Yeye alikuwa amekiinua kimoja, anapitisha kidole kwenye ufa, uso umemshuka.

"Nimeharibu," akasema.

"Baba, jani ni jembamba. Mti huu unataka moto mdogo, siku nyingi."

Akaingia nyumbani kwake, akatoka na mzani wake wa zamani wa tumbaku. Akasema walipokuwa wakitaka kujua jani limekauka, walilipima leo na kesho. Likiacha kupungua, maji yamekwisha. Hilo hakuna fundi aliyewahi kuniambia! Tumepima vipande vyote kumi na nane na kuviandika uzito kwa chaki.

Ijumaa, 9 Mei

Uzito unashuka. Bonface ananisomea namba kwa simu kama matokeo ya uchaguzi.

Jumapili, 11 Mei

Dada Eucabeth amekuja. Niliona mwavuli wake mlangoni nikajua nimeondolewa kwaya kabisa. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu viti hakuna, akaitazama mashine kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Wazee bado hawajakaa," akasema. Kisha akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Hii kitu inaweza kutoa mti wa kusukumia chapati?"

Nimemkerezea mmoja palepale kutoka kwenye fimbo zilizopinda. Dakika kumi. Ameuzungusha mkononi, akasema wake wa dukani umeota nundu, akanilipa mia moja na hamsini bila kuomba kupunguziwa. Alipofika mlangoni akaongeza, "Lakini zile zingine bado sizipendi."

"Sawa, dada."

Si mbaya, Eucabeth. Anasema anachoona ni sawa na analipa anachonunua.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya tatu mfululizo mzani hausogei. Kavu! Bonface amerudi na mbao, amekonda, ananuka moshi na tumbaku, anacheka. Nimegonga vipande viwili: vinatoa mlio wa juu, safi. Vile vya Aprili vilikuwa vinasema *du*.

Kina mama wengine wanne wa kanisa wamekuja kutaka miti ya chapati.

Ijumaa, 16 Mei

Kigurudumu kimoja cha kishikizo kimekufa, nikaenda kwa Obare nikiwa nimejiandaa kusikia kesho. Hakuwepo, nikamngoja. Chini ya benchi lake nikaona vishikizo viwili kama changu, vimetupwa na kutu imeanza.

Aliporudi nikamuuliza ni vya nani.

"Vyako. Cha kwanza kilikuwa kinatetemesha mti. Cha pili kikachubua. Cha tatu ndicho nilikuletea."

"Na mbona hukuniambia? Nilikutukana wiki nzima!"

"Ningekwambia ungeleta pesa zaidi?"

"Hapana."

"Ndiyo nikanyamaza, nikasema kesho."

Amebadilisha kigurudumu saa hiyohiyo kwa mia saba. Nimerudi ukurasa wa tarehe kumi na nane Machi nikalikata kwa mstari lile neno mwongo.

Alhamisi, 22 Mei

Sikerezi tena kwa mkupuo mmoja. Napunguza kidogo, nauacha mti upumzike siku mbili ukiwa umening'inia, napunguza tena. Ukitaka kupinda, upinde mbele yangu, usipinde Homa Bay. Vitatu vimekatika kwenye fundo. Vitano vimepinda vikipumzika, na nimevitoa bila huruma. Vimebaki kumi.

Bonface anasema niongeze mbili kati ya zile tano, mpindo wenyewe ni wa unywele, nani ataona. Nimemwambia Phelesia ataona. Akafikiri, akasema kweli, huyo mama ataona.

Jumanne, 27 Mei

Kumi zimekwisha. Hesabu ndiyo hii. Elfu ishirini na tano mia nane na hamsini za kwanza. Safari hii mbao, banda, kuni, nauli, kigurudumu, ngozi na gundi, tokeni: elfu kumi na tatu mia tano na hamsini. Na daftari sitini. Jumla elfu thelathini na tisa mia nne na sitini. Fimbo kumi zitaleta elfu kumi na saba, na miti tisa ya chapati imeleta elfu moja mia tatu na hamsini. Bado tuko chini kwa elfu ishirini na moja mia moja na kumi.

Nimemwonyesha Bonface ukurasa wote. Amesoma polepole, akaweka kidole kwenye mstari wa mota na wa mashine. "Hizi mbili hatununui tena," akasema. "Wala yale makosa."

Ijumaa, 30 Mei

Nimerudi jana jioni. Nimeandika haya asubuhi, jua limetoka baada ya siku nyingi.

Homa Bay imejaa bendera na wageni. Ukumbini palikuwa na watu hadi nje. Nilimkabidhi Phelesia kumi nikamwambia mapema, kabla hajahesabu, kwamba kumi na mbili zimenishinda.

"Ulikuwa na nyingine?"

"Nilikuwa nazo. Hazikunyooka."

Alizibingirisha zote, na safari hii walionyamaza mwanzo walinyamaza hadi mwisho. Akatoa elfu tisa zilizobaki, akaniwekea mkononi noti kwa noti mbele ya kila mtu. "Siku ile nilikuchoma," akasema. "Mwezi wa pili kuna mtu aliniuzia mbovu, nikamhurumia, hajarudi mpaka leo. Wewe nilitaka urudi." Nilipomtazama vizuri niliona kwamba alikuwa anasema kweli, na kwamba alikuwa amefurahi kuliko mimi, kama hilo linawezekana.

Nikakaa pembeni kutazama. Mashindano yalifika fainali saa tisa, dada muuza samaki anayeitwa Lorine dhidi ya dereva mmoja kutoka Mbita, wote wawili na fimbo zangu. Lorine alishinda kwa mpira mmoja, watu wakamwinua juu. Watu wawili wakachukua namba yangu ya simu, mmoja ana meza sita Rongo.

Ndipo Phelesia akanivuta mezani. "Sasa wewe piga mmoja."

"Mimi? Sijawahi."

"Umetengeneza hizi zote na hujawahi kupiga mpira?" Akawageukia watu, mikono kiunoni. "Mnasikia?"

Nikashika ile fimbo aliyoshindia Lorine. Lorine akanionyesha jinsi ya kuilaza juu ya vidole. Nikalenga ule mpira mweupe, nikasukuma. Uliruka kutoka mezani, ukagonga soda ya mtu, ukaenda kulala chini ya benchi. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini, na mimi nikacheka nao.

Lakini mkono wangu ulikuwa umesikia kitu. Nikaomba mpira tena. Nikasukuma polepole. Nyuma palikuwa pazito. Ncha ilikuwa inataka kuinuka yenyewe, na nililazimika kuikandamiza. Ober imezidi. Ni kidogo tu, lakini imezidi, na hilo ningelijua lini pale sebuleni?

"Lorine," nikamuuliza, "hii fimbo inainuka mbele?"

Akasita. "Inainuka kidogo, aunty. Nilidhani ndivyo ilivyo."

Nikamgeukia Phelesia. "Nirudishie hii."

"Nimeshalipa!"

"Nitakuletea nzuri kuliko hii."

"Haki ya Mungu," Phelesia akawaambia watu, "leo nimeona mtu anauza kitu, kinashinda, halafu anaomba arudishiwe." Lakini akanipa.

Sabato inaingia machweo, kwa hiyo nina saa chache. Nimeikata fimbo ya bingwa upana wa vidole vinne kutoka kitakoni, nimeipima mkononi, nimekata kimoja tena. Bonface amesimama mlangoni na chai, ameshika kichwa.

"Mama Ivone, hiyo si ni elfu moja mia saba unakata?"

"Weka chai chini," nimemwambia. "Washa mota."